Mafuta ninayokula yanawasha au yanazima mafuta ya kahawia?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 43, naishi Kigamboni. Tangu mwezi wa pili nimeacha ugali, wali na chapati. Nakula nyama yenye mafuta, mayai, parachichi na mboga, na kila asubuhi nakunywa vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi. Nimepungua kilo 6. Mwenzangu kwenye kikundi chetu anasema mafuta haya huamsha "mafuta ya kahawia", ambayo huchoma kitambi. Binti yangu yuko chuo, naye amenisomea utafiti unaosema kinyume: kwamba chakula cha mafuta mengi huharibu hayo mafuta ya kahawia na kuuletea mwili msongo wa oksidi. Nimsikilize nani? Na je, ninunue vidonge vya antioksidanti kama mwenzangu anavyonishauri?

JIBU: Marahaba, mama, na hongera kwa hizo kilo. Nianze na mabishano yenu ya nyumbani. Mwenzako ameshika kipande cha mwanzo cha habari, binti yako ameshika kipande cha mwisho, na wote wawili wanakusimulia habari za panya. Ni habari za kweli. Suala ni zinakuhusu kiasi gani wewe uliyeko Kigamboni kwenye joto la nyuzi 30.

Jina "mafuta ya kahawia" huwafanya wengi wafikirie mafuta yaliyoungulia kwenye kikaango. Mswisi Conrad Gessner aliyaeleza mwaka 1551 alipompasua mnyama mmoja wa milima ya Alpi anayelala miezi yote ya baridi, akaandika kwamba kitu kile si mafuta wala si nyama. Alipatia kuliko alivyoweza kujua. Seli ya mafuta meupe, yale ya kitambi na nyonga, ni kama kifuko chenye tone moja kubwa la mafuta, na vingine vyote vimesukumwa pembeni. Seli ya mafuta ya kahawia ina matone madogo madogo, na kati yake mitokondria zimejaa pomoni. Mitokondria ndizo majiko ya seli. Zina madini ya chuma, na chuma hicho pamoja na wingi wa mishipa ya damu ndivyo vinavyotia ile rangi. Mitokondria na mishipa: viweke akilini viwili hivyo, tutavihitaji mbele.

Mafuta meupe huweka akiba. Ya kahawia huichoma akiba ili mwili upate joto. Anayeyategemea kuliko wote ni mtoto mchanga, kwa kuwa bado hawezi kutetemeka kwa baridi kama sisi. Yeye anayo kati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo. Hujengeka zaidi katika miezi ya mwisho ya ujauzito, ndiyo sababu mojawapo ya njiti kupoa haraka, na ndiyo maana wauguzi humfunga kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi. Njia hiyo, ambayo wodini mnaisikia ikiitwa kangaroo, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978.

Sisi wa zamani tulifundishwa kwamba mtu akishakua mafuta hayo humwisha. Waliotutoa gizani hawakuwa hata wakiyatafuta. Walikuwa wanapiga picha za saratani. Mgonjwa huchomwa sindano ya sukari yenye mionzi kidogo, na sehemu ya mwili inayokula sukari nyingi hung'aa kwenye picha. Madaktari wakawa wanaona mng'ao pande zote mbili za shingo na juu ya mitulinga, kwa watu ambao hawakuwa na uvimbe wowote mahali hapo. Mwaka 2009 timu tatu, za Boston, Turku kule Finland na Maastricht kule Uholanzi, zilitoa ushahidi wao kwa mpigo. Maastricht waliwakalisha wanaume 24 katika chumba cha nyuzi 16, na 23 kati yao waling'aa. Bila baridi, mng'ao haukuonekana. Boston walipekua picha za wagonjwa 1,972 waliopigwa bila kutiwa baridi yoyote, wakaukuta kwa asilimia 7.5 tu ya wanawake na asilimia 3.1 ya wanaume. Maastricht na Boston kote, kadiri mtu alivyokuwa mnene ndivyo mng'ao ulivyopungua.

Kwa hiyo unayo, mama. Ila swichi yake ni baridi, na hapo ndipo shida ya sisi wa pwani inapoanza.

Sasa nifungue jiko lenyewe. Fikiria bwawa la umeme, tuseme Mtera. Maji yanazuiwa nyuma ya ukuta, yanafunguliwa kupitia mitambo, mitambo inazunguka, umeme unapatikana. Mitokondria nazo hufanya hivyo. Chakula kikichomwa hutoa elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji, elektroni zinapita katika mlolongo wa protini hadi kwenye oksijeni, na nguvu yake husukuma protoni, chembe nyingine zenye chaji, upande mmoja wa utando, kama maji yanavyopandishwa nyuma ya ukuta. Protoni zikirudi kupitia mtambo wake, seli inapata nishati ya kufanyia kazi.

Mafuta ya kahawia yana kitu cha ziada: mlango wa pembeni kwenye ukuta wa bwawa, protini inayoitwa UCP1. Ukifunguliwa, protoni hurudi bila kupita kwenye mtambo, na nguvu yote inageuka joto. Funguo za mlango huo ni mbili. Ya kwanza ni neva: ukisikia baridi, ubongo unaamuru neva zitoe noradrenalini, kemikali ya kupeleka amri, kwenye seli hizo. Ya pili, na hii ndiyo inayowachanganya watu, ni mafuta yenyewe. Noradrenalini huvunja yale matone madogo, asidi za mafuta zinatoka, na asidi hizo huwa kuni na ufunguo kwa wakati mmoja. Mwenzako amesikia hilo la pili, akahitimisha kwamba ukila mafuta unafungua mlango. Lakini asidi zinazofanya kazi hiyo zinatoka ndani ya seli, kwa amri ya neva. Mafuta ya nazi ya saa moja asubuhi hayatoi amri hiyo.

Hata hivyo simdharau. Mwaka 1979, mjini London, Nancy Rothwell na Michael Stock waliwalisha panya vyakula vya anasa vya binadamu vyenye mafuta na sukari, wakaona kwamba wanyama hao walinenepa chini ya matarajio ukilinganisha na walivyokula, na kwamba mafuta yao ya kahawia yalikuwa yamekua na kuchangamka. Mwili wa panya ulikuwa unajaribu kuteketeza ziada. Tangu hapo imeonekana tena na tena kwamba panya akianza kulishwa mafuta mengi, UCP1 yake hupanda kwanza. Habari za mwenzako zinaishia hapa. Kwa binadamu haikuwa rahisi hivyo: huko Phoenix, Marekani, watu walilishwa kupita kiasi kwa saa 24, wakapigwa picha bila baridi, na mafuta ya kahawia hayakuwaka.

Ya binti yako yanaanza wiki kadhaa baadaye, panya akiendelea kulishwa vilevile. Utafiti ulionishawishi mimi ni wa Chuo Kikuu cha Boston, wa mwaka 2014. Panya walionenepeshwa kwa mafuta mengi walipoteza mishipa midogo ya damu ndani ya mafuta yao ya kahawia. Mishipa ikipungua, oksijeni inapungua. Mitokondria zikaanza kutoa redikali zenye madhara (nitazieleza hivi punde), kisha zenyewe zikapungua idadi. Yale matone madogo yakaungana yakawa makubwa. Ukiitazama seli hiyo kwa hadubini, utaapa ni ya kitambi. Watafiti huita hali hiyo kuwa meupe, na sioni jina la kufaa zaidi. Kilichonipendeza ni kwamba hawakuishia kutazama. Waliwachukua panya wembamba, wakawaondolea katika seli za mafuta protini inayoita mishipa mipya, na mafuta ya kahawia yakawa meupe bila mnyama kunenepeshwa. Wakawarudishia protini hiyo panya wanene, na hali ikatengemaa kiasi. Kwa hiyo kukosekana kwa mishipa hakuambatani tu na uharibifu. Ni sehemu ya kinachouleta.

Nielezee huo msongo wa oksidi, maana neno limekuwa la kuuzia vidonge. Rudi bwawani. Maji yamejaa hadi ukingoni, mitambo imesimama kwa kuwa hakuna anayehitaji umeme, na mlango wa pembeni umefungwa. Mito bado inaleta. Maji yataanza kuvuja mahali pasipotakiwa. Katika mitokondria kinachovuja ni elektroni: moja inadandia oksijeni kabla ya kufika mwisho wa safari, na oksijeni hiyo inageuka redikali huru, kitu chenye njaa ya kunyofoa elektroni popote. Mwili una askari wake. Kimeng'enya kimoja huigeuza redikali hiyo kuwa haidrojeni peroksaidi, vingine huigeuza peroksaidi kuwa maji. Uvujaji ukiwa mdogo, hakuna kesi. Ukizidi nguvu za askari, mafuta ya utando, protini na hata DNA huanza kuharibika. Huo ndio msongo wa oksidi.

Sasa angalia kejeli yake. Mafuta ya kahawia yanayowaka sawasawa yana mlango wazi: bwawa halijai, uvujaji wa kulazimishwa na shinikizo unapungua. Mafuta yakimiminika kwenye seli ambayo neva haijaiita, mlango umefungwa na kuni zinarundikana. Hapo ndipo elektroni huvuja. Ndiyo maana sipendi kusema "mafuta mengi huharibu mafuta ya kahawia" na kunyamaza. Kinachoharibu ni ziada inayoingia kila siku kwenye jiko ambalo hakuna aliyeagiza liwashwe.

Kuna jambo jingine ambalo lilinilazimu kubadilisha hata ninavyofundisha. Mwaka 2016, watafiti wa taasisi ya Dana-Farber, Boston, waliwaweka panya kwenye baridi na kukuta kwamba redikali katika mafuta yao ya kahawia zinapanda, na kupanda huko kunatakiwa. Peroksaidi huigusa UCP1 mahali maalumu na kuichangamsha. Walipowapa panya antioksidanti, yaani dawa za kuzizima redikali hizo, wanyama walishindwa kulinda joto lao, miili ikapoa. Yaani kitu kilekile ambacho kikikaa miezi ni uharibifu, kikija kwa saa chache ni ujumbe.

Hapo swali lako la vidonge limeshajibiwa nusu. Nusu nyingine imejibiwa na watu wazima kama wewe. Katika utafiti wa Ujerumani uliotoka mwaka 2009, vijana walifanyishwa mazoezi kwa wiki 4. Wengine walipewa antioksidanti mbili, vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E, kila siku, wengine hawakupewa. Usikivu wa miili yao kwa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, uliboreka kwa wale wasiomeza kitu. Waliomeza vidonge hawakupata faida hiyo. Vidonge vilizima ujumbe ambao mazoezi yalikuwa yanautuma. Na kuna majaribio makubwa zaidi yaliyotoka vibaya kabisa: Finland, matokeo ya mwaka 1994, wavuta sigara waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko ambao hawakupewa; na Marekani, mwaka 2011, wanaume waliokuwa wamepewa vitamini E walionekana kuwa na saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi. Usinunue, mama. Mchicha, nyanya, maembe na mapera ya sokoni yana antioksidanti, na hayakuletei dozi ya kuzima kengele za mwili.

Na mwenzako akikuletea "vidonge vya kuchoma mafuta" kutoka mtandaoni, kataa kwa nguvu zaidi. Kuna kemikali iitwayo DNP inayotoboa ukuta wa bwawa katika seli zote, siyo za kahawia peke yake. Miaka ya 1930 Wamarekani waliimeza kwa maelfu ili wapungue, na kweli walipungua. Wengine waliota mtoto wa jicho, wengine walikufa kwa joto la miili yao wenyewe ambalo hakuna dawa iliyoweza kulishusha. Ilipigwa marufuku kule mwaka 1938, lakini hadi leo hupenyezwa kwa mauzo ya mtandao kama dawa ya wembamba, na hadi leo huua.

Turudi kwako, maana wewe si panya wa Boston. Nina mambo matatu.

Kwanza ni chakula. Panya wa majaribio ya namna hii mara nyingi hupewa chakula ambacho asilimia 60 hivi ya nishati yake ni mafuta, mengi yakiwa ya nguruwe, lakini asilimia 20 hivi bado ni wanga, ikiwemo sukari, na wanaachwa wale wapendavyo mpaka wanenepe. Wewe umekata wanga na umepungua. Sehemu ya kilo za mwanzo ni maji yanayotoka pamoja na akiba ya wanga, usifiche hilo moyoni, lakini baada ya miezi yote hii kuna mafuta yaliyoondoka pia. Ziada iliyowaharibu panya, kwako kwa sasa haipo. Ikirudi, kwa mafuta au kwa maandazi, hesabu inabadilika.

Pili ni baridi. Panya wa maabara hukaa kwenye nyuzi 22 hivi. Kwetu hiyo ni raha, kwa mnyama mdogo vile ni baridi ya mchana na usiku. Yeye hustarehe kwenye nyuzi 30. Kwa hiyo jiko lake linawaka muda wote na linabeba sehemu kubwa ya matumizi yake ya nishati. La kwako limezimwa na hali ya hewa. Mtu wa Makete, kule milimani kwenye baridi, anayeamka asubuhi ya Juni huenda analitumia zaidi kuliko wewe bila kumeza tone la mafuta ya nazi. Hata likiwaka, kwa mtu mzima mafuta hayo ni gramu chache, mara nyingi makumi, kwa mwenye bahati mia moja na zaidi. Wajapani waliwakalisha watu kwenye nyuzi 17 saa 2 kwa siku kwa wiki 6, mafuta ya kahawia yakachangamka na ya mwilini yakapungua kidogo. Kidogo. Sikushauri ununue kiyoyozi kwa ajili hiyo. Kutembea kwa miguu hadi kivukoni kutateketeza zaidi kwa gharama ndogo.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua kuliko zote, na haina uhusiano na kahawia. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi ni kama gramu 27. Karibu gramu 23 kati ya hizo ni mafuta yanayoganda, ambayo Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayetumia kalori 2,000, hiyo ni gramu 22. Umemaliza mgawo wa siku kabla hujagusa yai, na bado nyama yenye mafuta inakungoja mchana. Mafuta ya nazi hupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu ukilinganisha na mafuta ya alizeti au ya ufuta. Hilo limepimwa kwa binadamu, mara nyingi. Tui kwenye samaki wa kupaka silikatazi, mimi mwenyewe ni mtu wa Tanga. Kuyanywa kwa kijiko kama dawa ndiyo sioni sababu.

Kwa hiyo: acha vile vijiko viwili, parachichi liendelee, samaki, maharage na mboga za majani viongezeke. Nenda ukapime lehemu, sukari ya damu ya wastani wa miezi mitatu, na presha. Kama unameza dawa za kisukari au za presha, nenda wiki hii, kwa sababu mtu akiacha wanga ghafla dozi ya zamani huweza kumzidi nguvu na kumwangusha. Hukuniandikia kama una tatizo hilo, nami siwezi kukisia.

Binti yako msalimie; amefanya vizuri kusoma utafiti badala ya tangazo. Mwambie akishaupata mwingine aruke muhtasari aende sehemu ya mbinu, atafute vitu viwili. Kwanza nyuzi joto za banda. Pili aina ya panya: akikuta C57BL/6J, ndiyo inayotumika kuliko zote, ajue kwamba panya hao walizaliwa bila kimeng'enya kimoja cha mitokondria kinachosaidia kuwapa silaha wale askari wa kuzuia redikali. Msongo wa oksidi uliopimwa kwa mnyama wa namna hiyo, kabla hajakusomea wewe mezani, aupunguze kidogo.